Spana Namba Kumi

Baba huhesabu vijiko baada ya chakula.
Sita vilitoka, sita virudi,
na kikipungua kimoja haondoki mtu mezani.
Mama alizoea. Sisi tulicheka
mpaka siku aliponisimulia.

Tauno Ylipulli, fundi wa ndege za kivita,
kambi ya Rissala, juu kidogo ya Kuopio,
miaka thelathini na mmoja mikono ndani ya chuma.
Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, masikio mekundu kwa baridi,
akapewa kitabu cha Kirusi na bisibisi.
Kitabu hakukielewa. Bisibisi ilimwelewa.

Ndege yake ya kwanza ilikuwa MiG,
pua wazi kama mdomo wa samaki mwenye neno,
mabawa mafupi, tumbo jembamba, kiu isiyokwisha.
"Ilikuwa na hasira," asema, "lakini haikuwa na siri.
Ikiugua, inavuja."
Ilibeba pia spiriti safi ya kuyeyushia barafu ya kioo,
na kila majira ya baridi, kwa namna asiyopenda kuieleza,
spiriti ilipungua hata siku ambazo hakuna kilichoruka.

Hasi thelathini. Glavu haziingii
pale skurubu ilipojificha nyuma ya bomba.
Unavua, unahesabu hadi ishirini,
unatoa vidole kabla chuma hakijavidai.
Kimoja alichelewa kukitoa.
Mpaka leo kidole hicho hakitofautishi
chai ya moto na maji ya ziwa.

Mwavuli wa breki aliukunja kwa viganja na magoti,
pindo juu ya pindo, bila hewa, bila haraka.
Shuka za nyumbani alizikunja vivyo hivyo.
Mama husema amelala maisha yake yote
kwenye kitanda kilicho tayari kutua.

Halafu ule usiku wa Machi, mwaka niliozaliwa.
Ubao wa zana, kila zana na kivuli chake kilichochorwa,
na kivuli kimoja hakina mwenyewe:
spana, namba kumi.
Ndege imefungwa, imejazwa mafuta, alfajiri kuna mazoezi.
Kanali Aarnikoski akatazama saa.
"Spana moja tu?"
"Moja."
"Itakuwa imeanguka kwenye theluji."
"Basi theluji itie sahihi."

Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajafanya kazi kwenye ndege.
Huku ufa hauachi ukuta, wala wa kuujenga.

Wakafungua vifuniko, kimoja kimoja, tochi mdomoni.
Saa kumi za usiku wakaiona
imejilaza kama paka jikoni
kando ya fimbo inayougeuza mkia.
Rubani akaja na chupa ya kahawa,
akauliza kwa nini watu wamenuna.
Akaruka. Akarudi. Akalalamika kwamba kiti kinalia.
Baba akakitia grisi.

Nilimuuliza nani aliisahau mle ndani.
Akavuta droo, akaanza kuhesabu vijiko upya.

Hornet zilipokuja zilikuja na kompyuta
iliyotaja ugonjwa kabla hujauliza.
Vijana walisoma skrini. Yeye aliendelea
kuweka sikio ubavuni mwa ndege, kama mkunga,
na mara mbili, asema, skrini ndiyo iliyoomba radhi.

Wiki iliyopita nilimpeleka jumba la makumbusho.
MiG yake ipo, imepakwa rangi mpya, haina harufu,
imezungushiwa kamba na kibao: USIGUSE.
Akasimama muda mrefu. Nikadhani analia.
Kumbe alikuwa anasoma vifuniko.
Akatazama kulia, ambako mlinzi alikuwa akipiga miayo,
akainama chini ya kamba, goti likalia mlio,
akatoa sarafu ya senti kumi
na kukaza skurubu, robo ya mzunguko.

"Sasa," akasema,
akairudisha sarafu mfukoni,
akaupapasa mfuko kuhakikisha imo.